Mashine Imejua, Nani Atakwenda?

Swali langu ni hili. Ukijua kwamba mtu anakufa mahali fulani, nawe uko mbali naye, una deni kwake au huna? Na kama aliyekujulisha ni mashine, wala si macho yako mwenyewe, deni hilo linapungua, linaongezeka, au linabaki vilevile?

Najua baadhi ya wasomaji wataguna. Watasema hayo ni maswali ya wasomi wa Mlimani wakishashiba chakula cha mchana. Mimi nasema la hasha. Sisi tuliokulia Bonde la Kilombero tuna haki ya kuliuliza swali hili kuliko wengi, kwa sababu huku kwetu umbali tunaujua kwa miguu. Kabla ya Daraja la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018, Mto Kilombero ulivukwa kwa kivuko. Maji yakichachamaa, mgonjwa aliyetoka Lupiro au Mahenge alikaa ng'ambo akisubiri, na Hospitali ya Mtakatifu Fransis iko upande huu. Leo daraja lipo, tunashukuru. Lakini msimu wa kilimo ukifika familia nyingi bado huhamia mashambani, mbali na kijiji, zikajenga vibanda katikati ya mpunga. Masika yakikolea, njia ya kutoka huko ni mtumbwi au mgongo wa mtu. Kwa hiyo tunaposikia kwamba wataalamu wamevumbua kitu cha kumtambua majeruhi kutoka mbali, sisi masikio yanasimama.

Kitu chenyewe ni mkanda au kibandiko anachovaa askari kifuani au mkononi. Ndani yake mna vihisio vinavyosoma mapigo ya moyo, pumzi, joto la mwili, na kama aliyevaa amesimama, amelala au ameanguka ghafla. Habari hizo husafiri kwa redio hadi kwa tabibu wa kikosi aliye nyuma, naye huziona kwenye kioo kidogo: majina yamepangwa, kila jina na hali yake. Ukifuata rangi zinazotumika katika hospitali na majeshi mengi, kijani maana yake huyu anajiweza. Njano, ameumia lakini anaweza kusubiri. Nyekundu, huyu mkimbilie sasa hivi. Nyeusi, huyu ameshakufa, au hakuna tena la kumfanyia. Jeshi la Marekani lilikuwa na mradi wa vifaa vya namna hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2023 shirika lake la utafiti wa kijeshi, DARPA, likaanzisha mashindano ya kutafuta vihisio, ndege zisizo na rubani na roboti za kutambua majeruhi mahututi bila mtu kuwasogelea.

Sababu yao ni nzito, wala tusiibeze. Katika vita matabibu hufa wakimkimbilia mwenzao ambaye tayari ni maiti. Risasi zinapita, mtu anatambaa mita mia moja kwenye matope, anafika, anakuta mwili umeanza kupoa, naye hapohapo anapigwa. Wamekufa wawili badala ya mmoja. Kifaa kingesema mapema, "Huyu hayupo tena, usiende," huyu wa pili angerudi kwa mama yake.

Pale kijiweni kwetu, karibu na stesheni ya TAZARA, habari hii ilizua ubishi wa jioni nzima. Mmoja wetu, mwalimu wa sekondari, alifurahi mno. "Safi sana," akasema. "Mashine haina ndugu. Haijui koplo wala kanali, haijui Mpogoro wala Mhehe. Moyo ukienda kombo, inasema. Basi." Mwingine, kijana wa bodaboda, alikuwa amekaa pembeni anatafuna muwa wake kimya kimya. Akatema makapi, akauliza neno moja tu: "Halafu?"

Tulicheka, kama mnavyojua ubishi wa vijiweni. Lakini mimi nimeondoka na lile neno. Mashine imejua. Halafu?

Tuanze na maana ya kazi yenyewe. Madaktari wa dunia nzima huiita triaji, neno lililotokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuchagua, kuchambua. Mtu wa Ifakara hahitaji kamusi hapo. Amemwona mama yake ameketi kibarazani na ungo wa mchele, vidole vinakwenda haraka, chuya huku, mawe kule, mchele unabaki. Tofauti ni kwamba kwenye ungo kuna vya kutupwa. Kwenye uwanja wa vita, au kwenye kibaraza cha zahanati siku basi limepinduka, hakuna cha kutupwa. Unapanga nani atangulie, hupangi nani ana thamani. Hilo ni jambo dogo kulisema na gumu kulitenda, kwa sababu mkono unaochambua huchoka, na mkono uliochoka huanza kuona mawe.

Aliyetupa kanuni ya kuchambua majeruhi kwa haki ni Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, aliyezaliwa mwaka 1766. Alishikilia kwamba aliyeumia vibaya zaidi atibiwe kwanza, bila kuangalia cheo chake. Katika majeshi ya enzi zile, ambapo mkubwa akichubuka kiwiko mdogo mwenye utumbo nje anasubiri, hayo yalikuwa mapinduzi. Mwalimu wetu wa kijiweni angempenda sana Larrey. Lakini kuna jambo la pili katika habari ya Larrey, na hili ndilo linalojibu swali la bodaboda. Mtu huyohuyo, katika miaka ya 1790, ndiye aliyebuni magari mepesi ya kukokotwa na farasi, yaliyoingia uwanjani wakati vita vingali vinaendelea ili kuwatoa majeruhi. Kabla yake walioanguka walilala palepale mpaka vita viishe, wakati mwingine siku nzima na usiku wake.

Kanuni na gari vilitoka kwa mtu mmoja. Aliyesema "huyu kwanza" alikuwa ameshafikiria huyo mtu atafikaje. Leo kuna hatari ya kuvitenganisha: kanuni tumeipa umeme, ikawa na kasi ya redio, na gari bado limekwama kwenye tope.

Sasa nirudi kwetu, maana historia ya bonde hili ina la kusema juu ya watu ambao hakuna aliyejua hali zao. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, Wazungu walipigana kwenye ardhi yetu kwa sababu zao. Oktoba 1917 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yaliingia Mahenge na kuwang'oa Wajerumani. Huwezi kufika Mahenge kutoka kaskazini bila kulivuka bonde hili, na mwanajeshi hakulivuka peke yake. Nyuma yake walikuwapo wapagazi: wenye masanduku ya risasi vichwani, wenye magunia ya unga, wenye machela za majeruhi. Hakukuwa na farasi wa Larrey, kwa sababu mbung'o waliwamaliza wanyama. Gari la wagonjwa lilikuwa mabega ya mtu mweusi.

Wanahistoria hukadiria kwamba kwa upande wa Waingereza peke yao wapagazi waliokufa katika vita vile walikuwa karibu 95,000, mara nyingi zaidi ya askari. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, vichomi na njaa. Na hesabu yenyewe ni ya kukisia. Uchungu uko hapo. Mpagazi alikuwa mzigo unaobeba mzigo. Akidondoka njiani, sanduku lake lilihamia kichwa kingine na safari ikaendelea. Dar es Salaam wametuachia jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi, ambako leo tunakwenda kununua viatu na simu bila kukumbuka jina limetoka wapi. Na wametuachia Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927. Maandishi ya pale chini yanawataja wapagazi. Lakini aliyesimama juu, na bunduki yake, ni askari.

Kwa hiyo mimi si mtu wa kudharau kuhesabiwa. Anayesema "vifaa hivi ni upelelezi tu, tuvikatae" sikubaliani naye. Anayezungumza hivyo pengine hajawahi kutoka katika ukoo ambao babu yake alipotea bila hata tarehe ya kufa. Hapa Ifakara tumeona jambo la kinyume. Tangu mwaka 1996 wadodosaji wa kituo cha utafiti, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, walipita nyumba kwa nyumba vijijini, mara tatu kwa mwaka, wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Mtoto aliyefia kwenye kibanda cha shambani, ambaye zamani angezikwa na kusahauliwa na wote isipokuwa mama yake, aliingia daftarini. Kifo chake kikawa swali kwa watu wenye digrii. Kujulikana ni mwanzo wa kuheshimiwa.

Ni mwanzo, ndugu zangu. Mbele yake kuna safari. Na mfano wa uchungu zaidi ninaoujua si wa mwaka 1917. Ni wa mwaka 2017.

Tarehe 7 Desemba mwaka ule, waasi waliishambulia kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa pale Semuliki, katika eneo la Beni, mashariki ya Kongo. Waliokuwa kambini ni vijana wetu wa JWTZ. Walikufa 15, zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Nchi nzima ililia. Umoja wa Mataifa ulituma watu wa kuchunguza, na mwezi Machi 2018 ukatoa muhtasari wa waliyoyakuta. Pamoja na kasoro nyingine, walisema misheni ile haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu wale askari na kuwatoa pale, na kwamba upungufu wa nyenzo muhimu, usafiri wa anga ukiwamo, ulikuwa kikwazo kikubwa.

Isome tena sentensi hiyo, halafu fikiria kwamba kila kijana pale alikuwa amevaa ule mkanda. Mahali fulani mbali, kwenye chumba chenye umeme, kuna kioo. Rangi zinabadilika. Kijani inakuwa njano. Njano inakuwa nyekundu. Nyekundu inakaa nyekundu muda mrefu, halafu inakuwa nyeusi. Anayetazama amejua kila kitu. Kajua jina, kajua saa, kajua dakika. Sisemi kifaa kisingefaa kitu: kama ipo helikopta, kingewaambia wamchukue nani kwanza. Lakini kifaa hakiruki. Pasipo helikopta kinampa mtazamaji maarifa ya kifo cha mwenzake, na kinampa aliyelala pale chini faraja ya uongo kwamba kwa kuwa anaonekana basi anafuatwa.

Nadhani kufa hujulikani ni vibaya. Kufa unatazamwa na asiyekuja ni vibaya kwa namna nyingine, na sijui kama lugha yetu ina jina lake.

Wamarekani wenyewe wanatupa ushahidi wa upande huu. Mwaka 2009 waziri wao wa ulinzi, Robert Gates, aliamuru majeruhi wa Afghanistan wafikishwe kwenye tiba ndani ya dakika 60. Waliongeza helikopta, waliongeza hospitali za uwanjani. Muda wa kati wa kumsafirisha majeruhi ulishuka kutoka dakika 90 hadi 43, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba vifo vya majeruhi vilipungua sana. Amri haikusema "tujue haraka." Ilisema "tufike haraka."

Na wala tusidhani jambo hili linawezekana kwa matajiri peke yao. Hapahapa Tanzania kuna mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mama mjamzito akipata dharura, au mama aliyejifungua, au kichanga, inapigwa simu namba 115, bure. Anayepokea anauliza maswali kwa utaratibu, anapima uzito wa hali bila kumwona mgonjwa. Huko nako ni kuchambua kwa mbali, ati. Lakini hakiti simu akaandika ripoti. Anatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu anamwita dereva wa kawaida aliyeandikishwa katika eneo lile, na dereva huyo analipwa nauli yake. Aliyebuni mfumo ule aliweka nauli ya dereva kwenye hesabu pamoja na simu. Hiyo ndiyo akili ya Larrey, imevaa kofia ya dereva wa teksi.

Mpaka hapa ningeweza kumaliza kwa kusema: sawa, kila kifaa na machela yake, kwaherini. Lakini limebaki lile la rangi nyeusi, na ndilo gumu.

Mjomba wangu alikuwa askari katika vita vya Kagera, 1978 na 1979. Siku moja nilimsomea habari ya mikanda hii, nikitegemea kwamba mzee ataikataa. Nikamuuliza, "Mjomba, enzi zenu mlijuaje nani wa kubebwa kwanza?"

"Kwa vidole, mpwa wangu," akasema, akaweka vidole viwili shingoni kwake. "Usiku huoni kitu. Unapapasa. Ukiukuta mshipa unacheza, unamwambia: nipo. Naye akisikia kuna mtu kamshika, saa nyingine anapata nguvu."

"Na asipokuwa na mapigo?"

Akanyamaza kidogo. "Tulikuwa na mwenzetu mmoja, alitambaa kumfuata rafiki yake. Tukamwita arudi, hakusikia. Alimkuta kafa zamani. Na yeye hakurudi." Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. "Mashine hiyo ningeitaka. Ingekuwepo siku ile ningeshukuru. Ila ningetaka kujua aliyesema 'usiende' ni nani. Nimjue. Siku nikionana na mama wa yule kijana, niwe na jina la kumtajia."

Nimeyageuza maneno hayo kichwani wiki nyingi. Nadhani mzee amegusa kiini cha jambo kuliko makala nyingi nilizosoma.

Kuna maneno mawili tofauti ambayo kifaa kinaweza kumwambia tabibu. La kwanza ni "nenda kwa huyu kwanza." Hili hata likikosewa, mtu fulani amekwenda mahali fulani. La pili ni "usiende kwa huyu." Hili likikosewa, hakuna atakayejua limekosewa, kwa sababu hakuna aliyekwenda kutazama. Kosa linazikwa pamoja na mtu. Kwa hiyo maneno haya mawili hayapaswi kuwa na msemaji mmoja. La kwanza mashine inaweza kulisema. La pili lazima lisemwe na binadamu, mwenye jina, anayeweza kuitwa na kuulizwa.

Na mashine hukosea, hususan kwetu. Mnakijua kile kibanio cha kidoleni, oksimita, kinachopima oksijeni ya damu kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi. Kimeokoa maisha ya wengi, na Taasisi ya Afya Ifakara imeshiriki utafiti wa kukitumia kwa watoto wagonjwa katika zahanati na vituo vya afya. Lakini Desemba 2020, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa madaktari wa Marekani: wagonjwa weusi ambao oksijeni yao ilikuwa imeshuka huku kibanio kikisema wako salama walikuwa karibu mara tatu ya weupe, kwa kiwango. Mwanga ulidanganywa na rangi ya ngozi. Vibanio vile vilikuwa vimetumika miaka na miaka. Basi mwalimu wetu aliyesema mashine haina kabila alisema kweli nusu. Haina chuki. Lakini aliyeipima aliipima kwa ngozi ya watu fulani, ikabaki na mazoea ya ngozi hiyo. Mpagazi wa 1917 hakuhesabiwa. Mjukuu wake anahesabiwa, na hesabu inamkosa. Huyu wa pili ana shida moja zaidi: akisema "naishiwa pumzi," anajibiwa kwamba kipimo kinasema uko sawa.

Kuna pingamizi moja ambalo sina budi kulijibu, maana niliulizwa kijiweni na halikuwa la kipuuzi. Kama kujua kunaleta deni, je, si bora kutojua? Serikali maskini isiyo na helikopta, kwa nini ijitwishe habari za watu isioweza kuwafikia? Waache wavae kofia zao, wapigane, Mungu atajua.

Jibu langu ni kwamba mtu anayekataa kujua kwa sababu anaogopa deni, ameshalitambua deni. Ni sawa na yule anayesikia hodi usiku akazima taa. Kuzima taa kwake ndiko kunakothibitisha kwamba alisikia. Huwezi kumtuma kijana Semuliki, au popote, halafu ukasema hukuwa na haja ya kujua yuko hali gani. Deni halikuanzia kwenye kifaa. Lilianza siku ulipomvisha sare. Kifaa kimewasha taa tu, tukaliona.

Na deni lisilolipika pia lina namna yake ya kuheshimiwa. Huku kwetu mtumbwi ukipinduka Kilombero na mtu akazama, watu hutafuta siku mbili, siku nne, wavuvi wakiacha nyavu zao, hata pale ambapo kila mmoja anajua hatafutwi mtu hai tena. Ukiangalia kwa macho ya mashine, hiyo ni kazi bure: rangi ni nyeusi, hakuna la kufanya. Lakini jamii inayoacha kutafuta maiti zake itazoea, pole pole, kuacha na wanaopumua. Sisemi tabibu afe akifuata maiti. Mwenzake mjomba alitufundisha bei yake. Nasema nyeusi isiwe mwisho wa habari. Risasi zikinyamaza, mtu aende. Jina liandikwe. Aliyesema "usiende" awaandikie wazazi kwa mkono wake.

Kwa nini nayaandika haya kwenye jarida la waandishi chipukizi, badala ya kuwaachia madaktari na majenerali? Kwa sababu vifaa hivi havitabaki jeshini. Redio ilianza na majeshi na meli, leo iko jikoni. Mikanda ya mkononi inauzwa madukani tayari, vijana wanaivaa wakikimbia. Kesho au keshokutwa utakuja mradi wa kuwavisha wajawazito wa shambani, au wazee wenye presha, au watoto wa Mlimba na Malinyi. Patakuwa na semina, soda na fulana. Patakuwa na picha nzuri. Na hakuna atakayeuliza swali la bodaboda asipokuwepo mtu mwenye kalamu.

Basi wakija tuulize mambo matatu, kwa adabu lakini bila aibu. Kwanza, ishara inapokelewa na nani? Maana ishara ikishatoka mwilini haichagui msikilizaji: Januari 2018 dunia iligundua kwamba ramani ya wakimbiaji iliyotolewa na kampuni ya Strava ilionyesha njia za mazoezi za askari waliovaa vifaa vya mkononi, na kwa hiyo kambi zao. Kilichovaliwa kwa afya kilimwonyesha adui mlango. Pili, anayepokea ana nini cha kumfikisha kwa mgonjwa: gari, mtumbwi, helikopta, nauli ya dereva, na je, kimo kwenye bajeti ileile iliyonunua mikanda? Tatu, siku mtu atakapoachwa, maana ipo siku ataachwa, ni jina la nani litakaloandikwa chini ya uamuzi huo?

Wakijibu yote matatu, mimi wa kwanza nitanyoosha mkono nivishwe. Wakijibu moja tu, la teknolojia, tuwashukuru kwa soda, kisha tuwaombe warudi wakiwa na machela.